Kuunga na kupika nyama ya ng'ombe nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayeniuliza kuhusu nyama ya ng'ombe karibu kila mara huanza na viungo. Nitie nini ili inukie? Niiloweke kwa nini? Mimi huanza na maswali mengine: umenunua kipande gani, chumvi umeitia saa ngapi, na moto ulikuwa mkubwa kiasi gani. Navipenda viungo, na humu chini vimepewa nafasi yao, lakini bizari haijawahi kulainisha nyama iliyochemshwa kwa pupa.

Ninunue kipande gani kwa mchuzi au rosti ya kupika muda mrefu?

Nunua sehemu ambazo ng'ombe alizitumia sana alipokuwa hai: shingo, bega, kidari, muundi, mkia, mbavu. Misuli inayobeba na kutembea imejaa utando mweupe unaoitwa kolajeni, na huo ndio unaoifanya nyama iwe ngumu ikiwa mbichi. Ukipata moto wa taratibu kwa muda wa kutosha, utando huo huyeyuka ukawa jelatini, na jelatini ndiyo inayoupa mchuzi ule uzito unaonata kidogo midomoni. Kwa hiyo kile kinachokutisha buchani ndicho kitakachokufurahisha mezani.

Fileti ni kinyume chake. Ni msuli uliojificha chini ya uti wa mgongo, haufanyi kazi nzito, na hauna kolajeni ya maana. Ikaange haraka kwa moto mkali uile. Ukiichemsha saa tatu utapata nyuzi kavu ndani ya maji matamu, na utakuwa umelipia zaidi ili upate kidogo.

Nikilazimika kuchagua kimoja tu, nachagua muundi uliokatwa pamoja na mfupa. Uboho unayeyukia kwenye mchuzi, kano zinalainika, na kazi ya kuupa mchuzi uzito inakuwa imeshafanyika bila unga wowote. Mwambie muuza nyama unapika nini kabla hajaanza kukata. Swali la "ya mchuzi au ya kukaanga?" linabadilisha kila kitu kinachofuata.

Nimechemsha saa nzima, mbona bado ngumu?

Kwa sababu umefika katikati ya safari. Nyuzi za nyama zikianza kupata joto hukaza, na ikifika nyuzijoto 60 hadi 70 hivi zinakuwa zimejikamua na kutoa sehemu kubwa ya maji yake. Wakati huo nyama ni ngumu kuliko ilivyokuwa mbichi. Kolajeni nayo inalegea polepole. Huanza kwenye joto kama hilo hilo, lakini kazi ya kweli hufanyika kuanzia nyuzijoto 80 kwenda juu, tena kwa saa nyingi. Anayeonja baada ya saa moja anakutana na ubaya wote bila uzuri wowote, kisha analaumu ng'ombe.

Vipande vya ukubwa wa sentimita nne vya bega au shingo vinahitaji saa mbili hadi tatu. Muundi na mkia vinaweza kufika saa nne. Usipime kwa saa peke yake: choma kwa uma, na uma ukiingia na kutoka bila kushikwa, imeiva. Ukiinua kipande na kikang'ang'ania uma, funika uendelee.

Halafu tazama moto wako. Maji yanayotokota kwa kishindo hayana joto zaidi ya maji yanayochemka kwa utulivu. Yote yanagota kwenye nyuzijoto 100. Kinachoongezeka ni msukosuko tu, unaovuruga mchuzi, unaomaliza maji na kuikaza nyama kwa nje kabla ya ndani kufikiwa. Unachotaka ni vipovu vichache vinavyopanda kimoja kimoja pembeni mwa sufuria.

Kuna sababu nyingine ambayo haitokani na mpishi. Nyama ya mnyama aliyechinjwa saa chache zilizopita hupikwa ikiwa imekakamaa, kwa maana misuli hujifunga baada ya kifo na huchukua siku moja au mbili kulegea. Ikihifadhiwa kwenye ubaridi kwa siku kadhaa zaidi, vimeng'enya vyake yenyewe, yaani vitu vya asili vinavyokatakata protini, vinaendelea kuilainisha. Ukiwa umenunua nyama ya moto ya asubuhi, ipeleke kwenye friji ikalale humo hadi kesho.

Inawezekanaje nyama iwe ndani ya mchuzi na bado iwe kavu?

Inawezekana sana. Unyevunyevu unaousikia mdomoni hautoki kwenye maji yaliyoizunguka nyama. Unatoka kwenye mafuta na jelatini iliyomo ndani yake. Paja tupu lisilo na mafuta likipikwa hadi linachambuka litakuwa kavu hata lingeogelea.

Chumvi itiwe lini, na kiasi gani?

Itie mapema, na uipime. Katika ukurasa huu wote, hili ndilo jibu ambalo ningependa ulijaribu leo.

Kwa kilo moja ya nyama, gramu 10 hadi 12 za chumvi zinatosha, yaani vijiko viwili vya chai vya chumvi laini, vilivyosawazishwa na si vya kurundika. Isambaze juu ya nyama mbichi, uigeuzegeuze, uiweke kwenye friji. Mwanzoni chumvi huvuta maji nje na utaona nyama imelowa. Baadaye yale maji yaliyoyeyusha chumvi hurudi ndani, na chumvi inakwenda nayo. Kwa vipande vya mchuzi, saa moja inaleta tofauti unayoweza kuionja. Kwa pande kubwa la kuoka, ipe usiku mzima.

Huwa naambiwa chumvi ya mapema inakausha nyama. Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi, nikawa natia chumvi mwishoni, na kila mara mchuzi ulikuwa umekolea lakini nyama chapwa. Chumvi nyingi sana kwa siku nyingi hukausha kweli. Ndivyo nyama inavyohifadhiwa. Kiasi cha kawaida hufanya kinyume: kinalegeza protini za nyama ili zishike maji yake vizuri zaidi zinapopata joto.

Kama huna saa moja, tia chumvi wakati ule ule unapoiweka kwenye mafuta. Wakati mbaya zaidi kwa nyama ya kukaanga ni ule wa kati, dakika kumi au ishirini baada ya kuinyunyizia, maana hapo juu yake pamelowa na itachemka badala ya kupata rangi.

Maji ya mchuzi yanahitaji chumvi yake pia, lakini hiyo iache hadi robo saa ya mwisho. Maji hupungua, chumvi haipungui.

Nikiiloweka na viungo usiku kucha, vinaingia mpaka ndani?

Chumvi inaingia. Vingine karibu vyote vinabaki juu, au vinapenya milimita chache tu hata ukivipa siku nzima. Vionjo vya saumu, bizari na pilipili havina njia nzuri ya kupita katikati ya nyama iliyojaa maji.

Hilo lisikukatishe tamaa. Tabaka la juu ndilo ulimi hulikuta kwanza, na kwenye nyama ya kuchoma au kukaanga linatosha kabisa. Maana yake ni kwamba usitegemee muda ufanye kazi ya kisu. Kata vipande vidogo, au piga chanjo juu ya pande kubwa, usugue viungo humo. Dakika arobaini juu ya vipande vyembamba zitakupa zaidi ya saa kumi juu ya pande zima.

Ndimu na siki zina mpaka wake. Saa moja au mbili ni nzuri. Zikizidi sana, uso wa nyama hugeuka kama uliokwisha kupikwa, unakuwa wa ungaunga. Mtindi una asidi ya upole na huvumilia usiku, na maziwa yaliyomo husaidia nyama kupata rangi nzuri kwenye makaa.

Papai, nanasi na tangawizi vinalainisha kweli?

Ndiyo. Papai bichi lina kimeng'enya kiitwacho papaini, nanasi lina bromelaini, na tangawizi mbichi ina chake. Vyote vinakatakata protini. Tatizo ni kwamba vinafanya kazi pale vinapogusa tu, kwa hiyo uso unaweza kuwa uji huku ndani hakujabadilika. Vilevile vinachangamka zaidi nyama inapoanza kupata moto, kabla joto kali halijaviua. Nusu saa hadi saa moja inatosha, kisha pangusa. Nanasi la kopo halitafanya lolote, maana limeshapikwa kiwandani.

Mimi huvitumia kwa nyama nyembamba ya kuchoma tu. Mchuzi wa saa tatu hauna haja navyo.

Kwa vipande vyembamba vya kukaanga haraka, soda ya kuokea, ile inayotiwa kwenye keki, inafanya vizuri kuliko vyote hivyo. Nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo, iliyokorogwa kwenye kijiko cha maji, dakika kumi na tano hadi ishirini, kisha suuza na ukaushe. Ikizidi utasikia ladha ya sabuni.

Nitie viungo gani, na kwa mpangilio upi?

Kwa kilo moja ya nyama, msingi wangu ni huu: vitunguu maji vitatu vikubwa, punje sita za kitunguu saumu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, vijiko viwili vya chai vya mbegu za giligilani, kimoja cha bizari nyembamba, kimoja cha pilipili manga, kijiti kimoja kifupi cha mdalasini, iliki nne na karafuu tatu. Ukikosa nusu ya vitu hivyo bado utakula vizuri. Vitunguu, saumu na pilipili manga peke yake vimelisha watu wengi wakaridhika.

Karafuu nimesema tatu na namaanisha tatu. Mafuta yake ni makali mno. Niliwahi kutia kumi kwenye sufuria ya wageni na hapakuwa na kionjo kingine kilichosikika, hata nyama yenyewe. Kungumanga nayo ni hivyo hivyo, kwaruza kidogo tu. Giligilani ndiyo ya kumiminia kwa moyo mkunjufu, kwa sababu ni pole na inaongeza uzito wa mchuzi.

Mpangilio una maana kubwa kuliko orodha. Harufu ya viungo vingi huyeyuka kwenye mafuta kwa urahisi kuliko kwenye maji, kwa hiyo kiungo kilichonyunyiziwa juu ya mchuzi unaochemka kimepoteza nafasi yake. Vile vizima, yaani mdalasini, iliki na karafuu, viingie kwenye mafuta ya moto mwanzo kabisa, hadi usikie harufu. Vifuate vitunguu maji, na uvipe muda: robo saa kwa moto wa wastani, mpaka vigeuke rangi ya dhahabu na kupoteza ukali. Hapo ndipo utamu wa mchuzi wote unapotoka, na hapo ndipo watu wengi wanapoharakisha. Saumu na tangawizi vije baadaye, dakika moja tu, kwa kuwa saumu ikiungua huwa chungu na hakuna cha kuirekebisha. Kisha viungo vya unga, nusu dakika hadi dakika moja, ukikoroga bila kuacha. Vikianza kushika chini, tia kijiko cha maji upesi.

Majani mabichi, kotimiri kwa mfano, yasubiri hadi umezima moto. Pilipili manga huwa naigawa: nusu mwanzoni, nusu iliyosagwa papo hapo mwishoni, maana harufu yake hupotea ikichemka sana.

Kuna tofauti gani kati ya viungo vizima na vya unga?

Umri. Mbegu nzima ni kama kopo lililofungwa. Ukishaisaga, harufu inaanza kuondoka. Viungo vizima vikihifadhiwa mahali pakavu na penye giza vinakaa mwaka na zaidi, vya unga vinachoka ndani ya miezi michache. Mimina kidogo kiganjani, sugua, nusa. Kama hunusi kitu, mchuzi nao hautanukia.

Ukiweza, kaanga giligilani na bizari nyembamba kwenye kikaango kikavu kwa dakika mbili, moto mdogo, kisha zitwange kwenye kinu. Nyumba nzima itajua unapika.

Ni lazima nyama ikaangwe kwanza kabla ya kutiwa maji?

Si lazima, ila utaona tofauti. Wengi wanaamini kukaanga kunafunga maji yasitoke. Wazo hilo lilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig katikati ya karne ya 19, nalo si kweli: sikiliza kikaango, ule mchachariko ni maji yanayoendelea kutoka.

Sababu ya kweli ni ladha. Protini na sukari zilizo juu ya nyama zikikutana na joto kubwa, kiasi cha nyuzijoto 140 na zaidi, huzaa mamia ya vionjo vipya pamoja na ile rangi ya kahawia. Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza badiliko hilo mwaka 1912, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Maji hayawezi kuzidi nyuzijoto 100, ndiyo maana nyama iliyolowa au iliyosongamana sufuriani inabaki ya kijivu. Ifute kwa karatasi au kitambaa safi, pasha mafuta hadi yameremete, weka vipande vichache vyenye nafasi kati yake, na uviache. Usigeuze mpaka viachie vyenyewe. Kwa kilo moja utapika mikupuo mitatu. Kama huna subira ya mitatu, kaanga vizuri nusu ya nyama na nusu nyingine uiingize mbichi. Hiyo ni bora kuliko kuijaza yote ikachemka kwenye maji yake.

Kile kinachobaki kimeganda chini ya sufuria, kama ni cha kahawia na si cheusi, usikioshe. Tia maji kidogo, kwangua kwa mwiko, kirudi kwenye mchuzi.

Nyanya ziingie wakati gani?

Baada ya viungo vya unga, kabla ya maji, na zipikwe hadi mafuta yajitenge pembeni. Nyanya iliyochemka tu bila kukaangika ina uchachu mbichi ambao sukari haiufichi vizuri.

Nyanya zina jambo lingine zaidi ya rangi na uchachu. Mwaka 1908 Mjapani Kikunae Ikeda alitenga kemikali inayoitwa glutamati na kueleza kuwa ndiyo chanzo cha ule utamu wa supu unaofanya mtu atake kuonja tena, usio wa sukari wala wa chumvi. Nyanya zilizoiva zinayo kwa wingi, na hasa zile nzito za kopo. Uyoga mkavu na sosi ya soya pia. Kijiko kimoja cha sosi ya soya kwenye rosti hakitaonekana wala kutambulika. Watu watasema tu nyama ni tamu leo. Kumbuka kupunguza chumvi.

Tahadhari moja: ukitaka kutia viazi au karoti, jua kwamba asidi ya nyanya inazichelewesha kulainika. Mchuzi ukiwa na nyanya nyingi, zipe dakika arobaini badala ya ishirini.

Na vile vidonge vya supu vya dukani?

Kwa sehemu kubwa ni chumvi pamoja na hiyo hiyo glutamati. Havina ubaya, lakini ukivitumia usitie chumvi nyingine hadi uonje. Ukiwa na mifupa na saa tatu, huvihitaji.

Maji kiasi gani? Ya moto au baridi?

Ya moto, yasifunike nyama. Yafike theluthi mbili ya urefu wake. Nyama itatoa maji yake mwenyewe, na mfuniko utarudisha mvuke. Maji mengi hufanya ladha iwe nyepesi kisha ukalazimika kuyakausha kwa moto mkali mwishoni, wakati nyama imeshalainika na itachambuka. Maji ya baridi yanasimamisha upishi tu kwa dakika kadhaa.

Sufuria ya presha inaharibu ladha?

Haiharibu. Mvuke uliobanwa unapandisha joto hadi nyuzijoto 120 hivi, na kolajeni inayeyuka kwa kasi zaidi. Bega lililohitaji saa mbili na nusu linaiva kwa dakika arobaini. Wazo lenyewe ni la zamani: Mfaransa Denis Papin alitengeneza chombo cha kwanza cha aina hiyo mwaka 1679, akaonyesha kwamba kinalainisha hata mifupa.

Inachokosa ni kukausha. Mvuke unaotoka ni kidogo, kwa hiyo mchuzi hautapungua sana. Tia maji kidogo kuliko kawaida, kaanga kila kitu kwanza humo humo, na ukishafungua mfuniko uache uchemke wazi dakika kumi. Ukimaliza, acha presha ishuke yenyewe. Ukiitoa ghafla, mchuzi unatokota kwa fujo na nyama inakauka.

Nyama ya kusaga ina sheria zake?

Moja kubwa: iive kabisa, nyuzijoto 71 katikati. Kwenye pande zima vijidudu viko juu ambako moto unavifikia. Kusaga kunavichanganya hadi ndani. Usionje ikiwa mbichi ili kujua chumvi. Kaanga kijiko kimoja uonje hicho.

Kwa mabonge ya kukaanga au kuoka, chumvi na viungo vichanganywe na nyama baridi, na mkono usikande mno. Chumvi pamoja na kukanda hutoa protini inayonata, inayosaidia mabonge yasivunjike, lakini ikizidi yanakuwa kama mpira. Kitunguu kikatwe kidogo sana au kikwaruzwe na kukamuliwa maji. Kwa rosti ya nyama ya kusaga, itandaze kwenye sufuria na uiache ishike rangi chini kabla ya kuivunjavunja.

Mchuzi wangu mwepesi. Nifanye nini?

Kwanza, ondoa nyama, ongeza moto, upungue. Pili, ponda viazi viwili vilivyoiva ndani yake, au saga kikombe cha mchuzi pamoja na vitunguu vyake ukirudishe. Unga wa ngano ni wa mwisho kwangu. Ukiutumia, ukoroge na maji baridi kwanza, na uchemke dakika kumi ili uondoe ubichi.

Chumvi imezidi. Kiazi kitaivuta?

Kiazi kinanyonya mchuzi wenye chumvi, hakichagui chumvi peke yake. Ukikitoa umepunguza mchuzi, si makali yake. Dawa ni kuongeza kisicho na chumvi: maji, nyanya, mboga, nyama zaidi. Tone la ndimu husaidia ulimi usiisikie sana kama imezidi kidogo tu.

Pilipili ikizidi, ongeza mafuta au mtindi. Ukali wake hauyeyuki kwenye maji, hivyo maji yatausambaza tu.

Na kama mchuzi hauna kasoro yoyote lakini umelala, haukuamshi? Karibu kila mara unahitaji uchachu. Kamulia ndimu nusu baada ya kuzima moto, onja tena kabla hujagusa chumvi.

Nioshe nyama kabla ya kupika?

Wataalamu wa usalama wa chakula wanashauri usiioshe chini ya bomba, maana matone yanarukia sinki, vyombo na mboga, wakati vijidudu vyenyewe vitakufa sufuriani. Kama ina vumbi la mfupa kutokana na msumeno, ifute kwa kitambaa safi kilicholoana, ukifue kwa maji ya moto. Kama huwezi kuiacha, ioshe ndani ya bakuli badala ya bomba linalorusha, kisha safisha sinki na mikono kwa sabuni.

Yale maji mekundu kwenye mfuko si damu. Damu nyingi ilitoka wakati wa kuchinja. Ni maji ya nyama yenye myoglobini, protini inayohifadhi oksijeni kwenye misuli na kuipa rangi yake.

Nikate vipi ikishaiva?

Tafuta nyuzi zinaelekea wapi, kata kwa kuzikatiza. Kidari kilichokatwa kwa kufuata nyuzi kitatafunwa hadi taya zichoke. Kilekile kikikatizwa kinavunjika chenyewe. Pande la kuoka lipumzike robo saa kabla ya kisu.

Iliyobaki inakaa muda gani?

Siku tatu hadi nne kwenye friji, miezi kadhaa kwenye friza. Isikae mezani zaidi ya saa mbili, na kwenye joto kali isizidi saa moja. Kosa ninaloliona sana ni kuacha sufuria kubwa ya mchuzi jikoni ipoe usiku kucha. Katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa, kisha huamka kwenye uvuguvugu huo. Gawa kwenye vyombo vifupi, weka chombo ndani ya maji baridi ukoroge, kisha friji. Ukipasha, upashe hadi uchemke.

Asubuhi utakuta mchuzi umeganda kama jeli, na mafuta yamejitenga juu yakawa tabaka jeupe. Kuganda huko ni ile kolajeni iliyogeuka jelatini. Toa mafuta unayoona yamezidi, lakini bakiza kijiko kimoja au viwili, kwa sababu harufu ya viungo imelala humo. Pasha kwa moto mdogo bila kuongeza maji, utayeyuka wenyewe. Rosti na mchuzi wa siku ya pili nauona mtamu kuliko wa siku ya kwanza, na nikiwa na wageni wa jioni napika jana yake.